Jambo zito likae chini ya skrini

Usiku mmoja nilipandisha kwenye seva mabadiliko ya mfumo wa malipo yakiwa pungufu. Faili ya kukokotoa kodi nilikuwa nimeihariri na kuijaribu, ikafanya kazi vizuri, kisha nikasahau kuiingiza kwenye komiti, yaani kifurushi cha mabadiliko kinachowekwa na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo. Asubuhi risiti zikatoka na kodi ya zamani. Na kabla ya kukomiti nilikuwa nimeandika `git status`, amri ya kuonyesha hali ya faili, tena nikasoma majibu yake. Nilichosoma ni sehemu ya chini tu.

Git hupanga majibu yake marefu hivi: zinaanza faili zilizo tayari kwa komiti, zinafuata zilizobadilika lakini hazijaandaliwa, na mwisho kabisa faili mpya ambazo haijaanza kuzifuatilia. Siku ile folda kuu ya mradi ilijaa faili za majaribio, hamsini na kitu. Zikajaza skrini yote, na ule mstari mmoja niliouhitaji ukasukumwa juu nisiuone. Mtu anayefanya kazi kwa amri macho yake hukaa chini, pale anapoandika. Kwa hiyo ukitengeneza programu ya kutoa maandishi, jambo zito lipange liwe la mwisho kuchapwa.

Tangu hapo natumia `git status -sb`, inayotoa majibu mafupi pamoja na hali ya tawi. Tazama:

```
## malipo...origin/malipo [ahead 2, behind 1]
 M kodi.py
M  risiti.py
?? jaribio.txt
```

Mistari minne imesema yote. Niko tawi la malipo, nina komiti mbili ambazo sijazisukuma kwenda kwenye seva, na kuna moja ya wenzangu sijaivuta kutoka huko. Herufi ya kushoto inaeleza kilichoandaliwa, ya kulia inaeleza kilicho bado. `risiti.py` itaingia, `kodi.py` itabaki nje. Git huongeza rangi, kijani kushoto na nyekundu kulia, ila maana haitegemei rangi: ukiiondoa, nafasi ya herufi bado inasema. Nina mwenzangu asiyetofautisha kijani na nyekundu, na anasoma orodha hii sawa na mimi. Rangi iwe msaada, isiwe ndiyo habari yenyewe.

Baadaye niliandika skripti ya kukagua repo zetu 11, yaani hazina za miradi yetu, kwa mara moja. Toleo la kwanza lilinishinda kulisoma mwenyewe, maana nilichapa kila kitu: heshi nzima (kitambulisho cha komiti) ya herufi 40, jina na barua pepe ya mwandishi, tarehe mpaka sekunde. Nikapunguza nikabaki na hii:

`git log -5 --date=short --format='%h %ad %<(12,trunc)%an %s'`

Heshi fupi, tarehe ya herufi 10 zisizobadilika, jina lililobanwa kwenye nafasi 12, kisha ujumbe. Vyenye upana uleule vimekaa kushoto, basi safu zinanyooka na jicho linashuka moja kwa moja. Ujumbe uko mwisho kwa sababu ndio mrefu, na skrini ikiwa nyembamba ukikatwa mkia hupotezi sana. Mara nyingi naingia kwenye seva kwa simu nikiwa safarini. Huko upana hautoshi hata herufi 50, na mpangilio huu bado unasomeka. Njia za faili ni kinyume chake: kata mwanzo, acha mwisho. `git diff --stat`, amri ya kuorodhesha faili zilizobadilika, hufanya hivyo, inaweka nukta tatu mbele na kulinda jina la faili.

Repo zisizo na mabadiliko nilizificha kabisa, nikaona nimekosea. Siku ambazo repo zote zilikuwa safi, skripti ilinyamaza, nami nikabaki najiuliza kama imefanya kazi au imekufa. Sasa inachapa mstari mmoja, «9 safi», na chini yake repo mbili zenye shida.

Jingine lililonigharimu saa nzima: skripti yangu ilikuwa inahesabu mistari ya `git status -s` kwa kutazama herufi mbili za mwanzo. Kwa mwenzangu ikatoa hesabu za ajabu. Kumbe yeye ameiamuru Git itoe rangi kila wakati, na alama za rangi zikajichanganya na zile herufi mbili za mwanzo. Kwa skripti tumia `--porcelain`, ambayo haifuati mipangilio ya rangi ya mtu na muundo wake umeahidiwa kutobadilika. Hata kwenye programu yako mwenyewe, majibu ya kusomwa na mtu yatenganishe na ya kusomwa na mashine, la sivyo hutathubutu kuboresha ya kwanza kwa hofu ya kuvunja ya pili.

Kabla ya kuipa timu skripti ile, niliyachapa majibu yake kwenye karatasi kwa wino mweusi, nikamwonyesha mwenzangu kwa muda wa pumzi moja, nikaigeuza. Nikamuuliza: ipi haijasukumwa? Akajibu, «Malipo, komiti mbili.» Mpangilio huo ndio tunaoutumia hadi leo.