Vigeu vya kidemografia: ushauri kwa wanaoanza utafiti

Madodoso mengi ya wanafunzi wetu hapa Uganda hufunguliwa kwa maswali yaleyale ya vigeu vya kidemografia, yaani sifa za mhojiwa zinazotofautiana mtu na mtu: umri, jinsia, dini, kabila, elimu na ndoa, kana kwamba utafiti haukamiliki bila hayo. Ukimwuliza mwenye dodoso kwamba dini itaingia wapi katika uchambuzi wake, aghalabu hana jibu. Andika kwanza majedwali matupu ya ripoti yako, kisha uulize yale tu yatakayoyajaza. Kuhusu dini, hilo si suala la mbinu peke yake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imewekea mipaka ukusanyaji wa taarifa za imani za mtu.

Umri uandike kwa miaka kamili, wala usimpe mhojiwa makundi ya kuchagua. Makundi utayaunda baadaye upendavyo, lakini kundi la 26 hadi 35 haliwezi tena kukurudishia miaka halisi. Wazee wasio na hati hutaja mara nyingi umri unaoishia na sifuri au tano, na hapo husaidia kuuliza kama walikuwa wamezaliwa wakati wa uhuru mwaka 1962, au walikuwa wamefikia darasa gani Amin alipoangushwa mwaka 1979.

Elimu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Neno "msingi" huwaweka pamoja aliyeacha shule darasa la tatu na aliyemaliza la saba, kwa hiyo andika darasa la mwisho ambalo mtu alilimaliza. Zaidi ya hapo, kumbuka kwamba elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, na kwa sababu hiyo aliyezaliwa mwaka 1991 alifikia umri wa kuanza shule mlango ukiwa wazi, hali aliyezaliwa mwaka 1975 alikwisha kuupita umri huo. Ukigundua kwamba kina mama waliosoma zaidi hujifungulia hospitalini zaidi, usikimbilie kusema ni elimu iliyoleta tofauti hiyo, maana huenda waliosoma ndio pia walio vijana, waliozaa wakati vituo vya afya vimeongezeka. Linganisha waliosoma na wasiosoma ndani ya kila kundi la umri, na tofauti ikibaki, ndipo uitetee. Napenda sana kuona jedwali hilo katika tasnifu, na ni nadra kuliona.

Kuhusu makazi, jina la wilaya halitoshi, kwa sababu mipaka hubadilika. Arua ya sensa ya mwaka 2014 si Arua ya leo: Madi-Okollo na Terego zimekatwa kutoka humo, na mji wenyewe ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Rekodi kaunti ndogo, parokia (ya kiutawala, si ya kanisa) na kijiji, ili wilaya uweze kuipanga upya utakapolinganisha miaka.

Kipato nacho watu hukificha au hawakijui. Badala yake, uliza juu ya vitu vinavyokidokeza: paa la bati, sakafu, pikipiki na umeme wa jua. Katika swali la ndoa, weka nafasi ya wanaoishi pamoja bila harusi na ya wake wenza, kisha lipeleke mwishoni mwa mahojiano, mhojiwa akiwa amekwisha kukuzoea.