Lipu inabanduka: fundi anajibu

*Fundi, habari za kazi. Lipu ya sebuleni imebanduka sehemu ya ukubwa wa sinia. Nimeiziba mara mbili kwa saruji, inadondoka tena. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma. (Mama, Uyole)*

Nzuri, mama. Tofali la kuchoma linakunywa maji mno. Ukilipiga lipu likiwa kavu, linanyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, na kinachobaki ni unga. Kuongeza saruji hakusaidii.

Kwanza gonga kuzunguka shimo kwa mpini wa mwiko. Pakilia patupu, lipu hiyo imeshaachana na tofali hata kama kwa macho ni nzima. Ibomoe kwa tindo mpaka ufike panapolia pazito. Shimo litakua na utajuta kuanza, lakini usiishie njiani: hapo ndipo ulipokosea mara mbili zile, au alipokosea uliyemtuma. Kata kingo ziwe wima, kwangua udongo au saruji ya viungoni iingie ndani kama sentimita moja, kisha ondoa vumbi lote kwa brashi.

Mwagia ukuta maji jioni, na asubuhi unyunyizie tena. Unautaka uwe na unyevu bila maji kung'aa juu. Paka uji wa saruji, na kabla haujakauka piga lipu: ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga uliochekechwa. Shimo likizidi sentimita moja na nusu, piga tabaka mbili. Ile ya kwanza ikwaruze kwa msumari, ilale hadi kesho. Sawazisha kwa ubao ulionyooka unaoegemea lipu ya zamani pande zote mbili, umalizie na kibao cha kulainishia. Kisha nyunyizia maji kwa siku 7. Hilo la mwisho ndilo watu hawalifanyi.

*Tuko Njombe. Fundi alinyunyizia saruji kavu juu ya lipu ili ikauke haraka, sasa kuna nyufa nyembamba ukuta mzima.*

Ni hiyo saruji kavu. Sehemu ya juu ikiwa na saruji nyingi kuliko ya ndani, inasinyaa zaidi na kupasuka. Nyufa za namna hiyo zikiwa za juu tu, msasa, puti (ile lahamu ya kuziba na kulainisha ukuta) na rangi vinatosha. Gonga uhakikishe.

Baridi ya Juni na Julai huko kwenu inachelewesha saruji kushika, na haina dawa ila subira. Anza kazi jua likishatoka, usipige lipu jioni. Na tafadhali, msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa eti kukausha ukuta. Hewa yake inaua.

*Ukuta wetu Tukuyu una unga mweupe chini, rangi inachubuka. Nipake jipsamu?*

Hapana, kaka. Jipsamu haivumilii unyevu, italainika na kubanduka. Huo unga ni chumvi inayoletwa na maji yanayopanda ukutani. Kwa mvua za Rungwe, zunguka nyumba kwa nje kwanza: je, udongo umerundikana juu kuliko sakafu? Maji ya bati yanaangukia msingini? Ondoa udongo, chimba mfereji, na acha ukuta ukauke, hata kama ni mpaka kiangazi. Unga usioshe, usugue kwa brashi kavu.

*Kuna ufa wa mshazari toka kona ya dirisha.*

Usiuzibe bado. Weka alama ya penseli ufa unapoishia, andika tarehe. Ufa ukiipita alama hiyo, tatizo liko kwenye msingi au linta (boriti ya juu ya dirisha), na mwiko wangu hauna kazi hapo.

*Shikamoo fundi. Niko Mafinga, nataka kujifunza mwenyewe. Nianzie wapi?*

Marahaba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha uashi, na Iringa wana chuo. Ukiwa bado unajichanga, fanya mazoezi kwa mchanga na chokaa bila saruji kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba: piga, sawazisha, kwangua, rudia kwa mchanganyiko uleule. Vaa glovu, na chokaa isikuingie machoni. Nunua mwiko mzuri na karai. Pima maji azima kwanza, maana ile ya bei rahisi hudanganya, na hutajua mpaka ukuta uwe umeshakauka.