Jibu: Tangi la duara la tofali, lita ngapi na plasta mita za mraba ngapi?

Mkuu uliyeuliza toka Buswelu, Mwanza, umesema tangi lako la tofali za inchi 6 lina upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 2 toka sakafu, ukapata lita 39,250, na fundi anakwambia hazifiki 7,000. Fundi yuko sahihi.

Jibu lako lenyewe linaonyesha ulipoteleza: 3.14 × 2.5 × 2.5 × 2. Hiyo 2.5 ni kipenyo. Ujazo wa mcheduara (umbo la pipa) unataka nusukipenyo kijizidishe chenyewe, mara 3.14, mara kimo. Ukiingiza kipenyo kizima unapata mara nne ya jibu, kwa tangi lolote. Ukigawa kwa nne unabaki na lita 9,812 hivi.

Hata hizo haziingii. Umepima nje kwa nje, wakati maji yanakaa ndani. Ukuta ni sm 15, plasta ya ndani sm 2.5, na ukuta uko pande zote mbili, kwa hiyo toa sm 35. Kipenyo cha ndani kinakuwa mita 2.15, nusu yake 1.075. Eneo la sakafu: 3.14 × 1.075 × 1.075 = mita za mraba 3.63. Kimo nacho ni toka sakafu iliyomalizika hadi mdomo wa chini wa bomba la maji ya ziada, siyo hadi ukingo wa ukuta. Bomba lako liko sm 20 chini ya ukingo, basi kimo ni 1.80. 3.63 × 1.80 = 6.53, yaani lita 6,530. Koki ikikaa sm 10 juu ya sakafu, lita 363 hazitatoka kwa koki.

Watu hubishana sana 3.14 au 22/7. Kwa tangi hili tofauti ni kama lita 6 tu! Kosea kipenyo kwa sm 5 uone: zaidi ya lita 300. Kimo ukikikosea kwa sm 5 hizo hizo ni lita 180 hivi, maana kimo kinaingia mara moja na kipenyo mara mbili. Kwa hiyo pima kipenyo cha ndani kwa futi ya kupimia (tepu), njia mbili zinazokatana msalaba, juu na chini, uchukue wastani. Kama tayari limefunikwa, zungusha kamba nje (isiyovutika), gawa urefu kwa 3.14, ndipo utoe unene wa ukuta na plasta, pande zote mbili. Kwa tangi lako kamba itasoma mita 7.85.

Huku kwetu kwenye miamba sakafu nyingi zinalala upande. Ikiwa mteremko ni mmoja ulionyooka, pima kina pande nne na utumie wastani. Jiwe likiwa limejitokeza ndani, toa ujazo wake.

Plasta sasa. Usitumie ile kanuni ya shuleni ya eneo lote la uso, inahesabu duara mbili, na wewe chini ya mfuniko hupigi plasta. Ukuta wa ndani: 3.14 × 2.15 × 2 = 13.5. Hapa kimo ni mita 2 kamili, kwani plasta inafika ukingoni. Ongeza sakafu 3.63, jumla mita za mraba 17.13. Niru (saruji laini ya kumalizia juu ya plasta) ipigie hesabu hiyo hiyo.

Saruji ya plasta ya ukuta: 13.5 × 0.025 = mita za ujazo 0.34. Mchanganyiko mkavu husinyaa ukipata maji, zidisha kwa 1.33 upate 0.45. Kwa 1:3 (saruji moja, mchanga tatu), saruji ni robo, 0.113. Mfuko wa kilo 50 ni kama 0.035, hivyo mifuko 3 na kidogo. Nunua 4, ya sakafu na niru ihesabu kando. Nje, kwa rangi, 3.14 × 2.5 × 2 = mita za mraba 15.7.