Nimenyimwa mkopo wa gari Marekani: naipataje ripoti yangu ya mikopo bure?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na familia yangu tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa tuko Kentucky mwaka wa tatu. Mwezi uliopita niliomba mkopo wa kununua gari, nikanyimwa. Barua ya kunikatalia inasema uamuzi umetokana na taarifa walizozipata kwenye kampuni ya taarifa za mikopo. Watu wakaniambia nitafute ripoti yangu, eti ni bure. Tovuti ya kwanza iliniomba namba ya kadi ya benki, nikaogopa nikatoka. Ya pili iliniuliza maswali nisiyoyaelewa, kisha ikasema haiwezi kunitambua. Njia ya bure ipo kweli? Na kwa nini isinitambue ilhali nina namba ya Social Security na kitambulisho?

JIBU: Njia ipo, ndugu yetu, na sehemu yake moja unayo tayari mkononi. Ni hiyo barua ya kukataliwa. Usiitupe.

Sheria ya Marekani ya taarifa za mikopo, ya mwaka 1970, inamlazimu mkopeshaji aliyekukataa kwa sababu ya ripoti akuandikie jina, anwani na simu ya kampuni iliyompa ripoti hiyo. Tangu siku ulipoipokea barua una siku 60 za kudai nakala ya bure moja kwa moja kwenye kampuni hiyo. Haki hii haina uhusiano na ile ripoti ya bure ya kila mwaka. Ukiitumia, ile nyingine inabaki palepale. Soma tena barua hadi mwisho. Kama uamuzi ulitumia skoo, yaani namba inayopima uaminifu wako wa kulipa madeni, lazima waiandike skoo yenyewe, kiwango cha chini na cha juu cha kipimo walichotumia, na sababu kuu zilizokushusha, kwa kawaida nne. Wengi hulipia skoo huku wanayo kwenye bahasha waliyoitupia kabatini. Ila ukipiga simu kwa kampuni ya taarifa kuuliza kwa nini umenyimwa, hawatakuwa na jibu, kwa kuwa aliyeamua ni mkopeshaji. Kwao omba ripoti tu.

Sasa njia ya jumla. Kampuni kubwa za nchi nzima ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kila moja ina faili lake, na mafaili hayo hayafanani, kwa sababu mkopeshaji halazimiki kupeleka taarifa kwa zote tatu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2003 yalimpa kila mtu haki ya nakala moja ya bure kila miezi 12 kutoka kwa kila kampuni. Wakati wa korona kampuni zikaanza kuzitoa bure mtandaoni kila wiki, na mwaka 2023 zikatangaza kwamba utaratibu huo ni wa kudumu.

Tovuti iliyoidhinishwa na sheria hiyo ni moja tu: annualcreditreport.com. Andika herufi zote mwenyewe kwenye kivinjari. Usiitafute kwa kuandika maneno "ripoti ya bure" na kubonyeza jibu la kwanza, maana hapo juu hukaa matangazo ya tovuti zenye majina yanayofanana nayo. Hizo ndizo huomba kadi: ripoti unapewa kweli, lakini pamoja nayo umejiunga na huduma ya kila mwezi inayokata pesa mpaka uifute. Tovuti halali haiombi namba ya kadi ya benki ya aina yoyote. Hapo ulifanya vyema kutoka.

Kutotambuliwa ndiko kunakowakwamisha watu wetu kuliko jambo jingine lote. Kuwa na kitambulisho hakusaidii, kwa sababu kompyuta haikioni. Inachofanya ni kuchukua jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya Social Security ulivyoviandika, na kuvilinganisha na vilivyo kwenye faili. Hapo majina yetu yanatuponza. Fomu za Marekani zina jina la kwanza, herufi ya jina la kati na jina la mwisho. Mtu aitwaye Hamisi Juma Bakari anaweza kuwa Hamisi Bakari benki, Hamisi Juma kwenye kampuni ya umeme, na Bakari Hamisi kwa mwenye nyumba. Majina ya Kikongo ya sehemu nne hukatwa popote nafasi inapokwisha. Aliyeingia na jina moja tu kwenye karatasi zake za safari huandikiwa FNU (First Name Unknown, jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza, na herufi hizo tatu zinaweza kumfuata hadi kwenye kadi ya mkopo. Kabla hujajaza chochote, chukua taarifa ya benki au ya kadi ya mkopo, uandike jina na anwani kama zilivyo pale, pamoja na namba ya apatimenti. Kama umehama ndani ya miaka miwili, anwani ya zamani nayo itatakiwa.

Baada ya hapo huja yale maswali. Yanatoka ndani ya faili lenyewe: ni ipi kati ya mitaa hii umewahi kuishi, mkopo wako wa gari ulitoka kampuni gani, malipo yako ya mwezi yako kati ya kiasi gani na kiasi gani. Mengine ni ya mtego kwa makusudi, na jibu sahihi ni "hakuna hata moja kati ya hizi". Mtu asiyewahi kukopa gari akilazimisha kuchagua benki mojawapo, amejifungia mlango. Muda wa kujibu nao una kikomo, kwa hiyo kama Kiingereza kinakusumbua, kaa na mtu unayemwamini tangu mwanzo. Na faili likiwa changa sana, mfumo unaweza kukosa hata cha kukuuliza. Ukikataliwa mara moja, usirudie kwa kubahatisha. Hamia kwenye karatasi.

Kwa mtu wa hali yako, mimi ningeanza na karatasi bila hata kugusa kompyuta. Kwenye tovuti hiyohiyo kuna fomu ya ukurasa mmoja, nayo unaweza kuichapisha maktaba. Ijaze kwa wino mweusi au wa bluu, herufi kubwa, weka alama kwenye kampuni zote tatu, na chagua ripoti zionyeshe tarakimu nne tu za mwisho za Social Security, ili bahasha ikipotea usiumie. Itume kwa: Annual Credit Report Request Service, P.O. Box 105281, Atlanta, GA 30348-5281. Ripoti hutumwa ndani ya siku 15 baada ya ombi kupokelewa; ongeza siku za posta kwenda na kurudi. Ipo pia simu ya bure, 1-877-322-8228, lakini anayepokea ni mashine, na mashine hiyo kuelewa jina la Kiswahili likitamkwa herufi kwa herufi ni bahati nasibu.

Kampuni ikijibu kwamba bado haijakutambua, itaorodhesha vithibitisho inavyotaka. Kwa kawaida ni nakala ya kitambulisho cha serikali, nakala ya bili ya umeme au taarifa ya benki yenye anwani yako ya sasa, na nakala ya kadi ya Social Security. Tuma nakala, kamwe si kadi zenyewe, na hakikisha zinasomeka. Asiye na namba ya Social Security asihangaike na fomu ya mtandaoni, kwani inaidai. Aandike barua kwa kila kampuni peke yake, akieleza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na anwani za miaka miwili, na kuambatisha vithibitisho hivyo.

Jambo moja linawachanganya waliotoka Kenya, ambako "kuwekwa CRB", yaani kuorodheshwa kwenye kampuni za taarifa za mikopo za huko, maana yake umeshindwa kulipa. Hapa kuwa na faili ni hali ya kawaida, na kukosa faili ndilo tatizo. TransUnion ya Nairobi na ya Chicago zina jina moja, lakini usitegemee kwamba uaminifu wako wa kulipa ulikotoka utaonekana huku. Pia kujiangalia mwenyewe hakushushi skoo hata kidogo. Maulizo yanayoweza kuishusha ni ya wakopeshaji unapoomba mkopo, nayo hukaa kwenye ripoti miaka miwili. Ripoti ya bure haina skoo ndani yake. Usishangae, wala usikubali kuiongeza kwa malipo.

Ripoti ikifika, anza na ukurasa wa utambulisho kabla ya kukimbilia madeni. Wakimbizi wengi waliandikishwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikuwa kwenye karatasi yoyote. Sasa weka ndugu wawili wenye tarehe hiyohiyo, jina la ukoo moja na apatimenti moja. Mfumo haudai kila kitu kilingane kikamilifu, na deni la mmoja linaweza kuingia kwenye faili la mwenzake. Ukiona jina usilolijua, anwani ya mji ambao hujawahi kuishi, au akaunti iliyofunguliwa kabla hujatua Marekani, umeshika uzi wa tatizo.

Halafu pitia akaunti moja moja. Mkopo wa nauli ya ndege mliopewa kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hauna riba, lakini ni mkopo. Yapo mashirika ya kupokea wakimbizi ambayo hupeleka taarifa za marejesho kwenye kampuni hizi, na mtu aliyedhani ule ulikuwa msaada hushtuka kuona miezi ya kuchelewa imepangwa mstari kwa mstari: siku 30, 60, 90. Kama ulimdhamini ndugu kwenye gari lake, mkopo huo nao ni wako, na akichelewa yeye umechelewa wewe. Bili za hospitali ni habari tofauti. Kampuni tatu zilikubaliana kuondoa zile zilizopelekwa kwa wakusanya madeni lakini zimekwisha kulipwa, zile ambazo hazijatimiza mwaka, na, tangu Aprili 2023, zile zilizoanzia chini ya dola 500. Ukiikuta ya namna hiyo, ina sababu ya kuondolewa. Taarifa nyingine mbaya hukaa miaka saba ikihesabiwa tangu ulipoanza kuchelewa bila kurudi kwenye mstari, na kulipa deni la zamani hakuianzishi upya hesabu hiyo. Kufilisika kunaweza kukaa hadi miaka kumi.

Kupinga kosa ni bure pia. Mtandaoni ni haraka, lakini kwa faili lililochanganywa na la mtu mwingine napendelea barua, kwa kuwa visanduku vya kuchagua sababu havina nafasi ya kueleza. Andika wazi kwamba taarifa zako zimechanganywa na za mtu mwingine, taja kila akaunti isiyo yako, zungushia duara kwenye nakala ya ukurasa, ambatisha vithibitisho vya utambulisho, kisha tuma kwa huduma ya posta ya Certified Mail yenye risiti ya kupokelewa. Ifanye hivyo kwa kila kampuni yenye kosa, na nakala moja kwa aliyepeleka taarifa hiyo. Wana siku 30 za kuchunguza. Zinaweza kufika 45 ukiongeza nyaraka katikati, au kama pingamizi limetokana na ile nakala ya bure ya mwaka. Majibu lazima yaje kwa maandishi. Wakirekebisha, dai wawajulishe wote waliochukua ripoti yako ndani ya miezi sita iliyopita. Yule mkopeshaji wa gari atakuwa miongoni mwao. Wakikaa kimya au wakijibu juujuu, peleka malalamiko CFPB, shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha.

Kwenye jamii zetu wapo wanaojitangaza kusafisha ripoti kwa dola mia kadhaa za kutanguliza. Sheria inazikataza kampuni za kurekebisha ripoti kuchukua malipo kabla ya kumaliza kazi, na hakuna wanachoweza kukufutia kihalali ambacho barua yako haiwezi. Anayekupa namba mpya ya tarakimu tisa uitumie badala ya Social Security anakuingiza kwenye jinai.

Inawezekana pia kampuni ikajibu kwamba haina faili lolote kwa jina lako. Kama barua ya mkopeshaji inasema taarifa zako hazikutosha, huenda maana yake ni hiyo. Skoo ya FICO, inayotumiwa na wakopeshaji wengi, haihesabiki mpaka uwe na akaunti yenye miezi sita au zaidi. Hapo cha kufanya ni kufungua kadi ya mkopo ya dhamana, ile unayoweka amana yako mwenyewe. Uliza kwanza kama benki inapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu, itumie kidogo kila mwezi, lipa yote kwa tarehe, na uagize ripoti tena mwezi wa saba tangu uifungue.