Margarita ya embe: ndimu usiibanie

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Umesema ulisaga tequila, juisi ya embe ya boksi, ndimu moja na bakuli zima la barafu, ukapata kitu kitamu kama uji wa mtoto, na kabla wageni hawajafika nusu ya glasi kikawa kimejitenga, maji chini, povu juu. Unauliza kama kosa ni la tequila ya bei nafuu au la blenda. Vyote viwili usivisingizie. Ndimu uliibania, barafu ukaimwaga.

Margarita kwa asili ni vitu vitatu tu. Kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, ni mililita 50 za tequila, 20 za triple sec, yaani ile pombe tamu yenye ladha ya maganda ya chungwa, na 15 za maji ya ndimu. Ukishatia embe umeongeza sukari na uzito, lakini ukali haujaongezeka hata tone. Dodo lililoiva vizuri lina uchachu kidogo mno. Kwa hiyo tunda tamu likiingia, ndimu nayo ipande, tena ipande sana. Mimi kwa embe natoka 15 naenda 25 kwa kila glasi.

Kwa glasi nne: tequila mililita 200, triple sec 80, maji ya ndimu 100, nyama ya embe iliyogandishwa gramu 400, na barafu kikombe kimoja tu cha chai. Kama huna kipimo, kijiko cha chakula ni mililita 15 na cha chai ni 5, hesabu kwa hivyo. Usipime kwa toti ya nyumbani bila kuijaza maji na kuihesabu kwanza, maana hazifanani. Ndimu zetu za sokoni ni ndogo, moja hutoa mililita 10 hadi 15, basi nunua kumi ili usije ukapungukiwa. Zibiringishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata. Kamua siku hiyohiyo, usikamue jana yake, kwa sababu maji ya ndimu yakilala hupoteza harufu na kubaki na uchungu.

Sasa hiyo barafu. Juisi ya boksi ni maji na sukari zaidi kuliko tunda, haina nyama ya kushika barafu iliyosagwa, ndiyo maana kilijitenga. Dawa yake ni kuligandisha embe lenyewe. Menya maembe dodo mawili ya wastani, au bolibo, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, vipange kwenye sinia visigusane, viache kwenye friza usiku kucha. Vikigandana bonge moja kisu cha blenda hakiviwezi. Maembe madogo yenye nyuzi ni matamu, lakini yasage kwanza na uyapitishe kwenye chujio kabla ya kugandisha, la sivyo wageni watachokonoa meno usiku mzima.

Kwenye blenda tangulia na vya maji: tequila, triple sec, ndimu. Onja hapo hapo. Inatakiwa ikukunje uso. Kisha nusu ya embe, saga, halafu iliyobaki na barafu. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, jumla isizidi sekunde arobaini, kwa kuwa mota ikipata moto inayeyusha unachojaribu kugandisha. Ukisikia kisu kinazunguka kwa sauti nyembamba na juu hapasogei, hewa imenasa chini. Zima, koroga kwa mwiko, endelea. Usiongeze maji! Onja tena ikishakuwa baridi, kwa sababu baridi hupunguza utamu mdomoni. Ikiwa bado kali sana, ongeza kijiko cha chai cha sukari iliyoyeyushwa, kimoja kimoja.

Na umeme ukikuhofisha, saga saa tisa mchana, mimina kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko na uweke kwenye friza. Mchanganyiko huu una kilevi cha asilimia kumi na moja hivi, haugandi ukawa jiwe, unabaki kama theluji laini. Wageni wakifika unaukwangua kwa uma. Uwiano huo wa sukari na kilevi ndio ulioifanya margarita ya barafu iwezekane kwa mashine: mwaka 1971 huko Dallas, Marekani, Mariano Martinez aligeuza mashine ya aiskrimu laini ikawa ya margarita, kwa kuwa wahudumu wake hawakuweza kusaga kwa blenda glasi zote zikafanana. Mashine yenyewe sasa iko makumbusho, Smithsonian.

Chumvi ya mdomo wa glasi wengi wanaikosea hapa Dar kwa sababu ya unyevu. Usitumie chumvi laini ya mezani, inanata tabaka zito na inauma ulimi. Chukua chumvi ya mawe, iponde kidogo kwenye kinu ibaki na chembe kama za sukari. Changanya vijiko vinne vya hiyo na kimoja cha pilipili ya unga, kama ile wanayonyunyizia embe bichi pale stendi. Pitisha kipande cha ndimu upande wa nje wa mdomo wa glasi, nusu ya mzunguko tu, ili asiyetaka chumvi apate pa kunywea. Gusisha kwenye sahani ya chumvi, kung'uta. Halafu ndipo glasi iingie kwenye friza. Ukianza na friza, glasi ikitoka inatoa jasho papo hapo, chumvi inayeyuka na kuchuruzika hadi kwenye kitako.

Msimu wa embe ukiisha, usilazimishe kipimo hikihiki kwa kila tunda. Pasheni yenyewe ni kali, kwa hiyo ndimu ishuke hadi 10 kwa glasi na sukari ipande. Usiisage na mbegu zake, zikivunjika zinaleta uchungu na vidoa vyeusi. Isugue kwenye chujio kwa kijiko. Nanasi, hasa yale ya Kiwangwa, liko katikati: ndimu 20, na halihitaji sukari kabisa likiiva. Ukwaju uliolowekwa maji ya uvuguvugu na kuchujwa unaweza kuchukua nafasi ya nusu ya ndimu, na ndio unaopatana na ile chumvi ya pilipili kuliko vyote. Stafeli lina harufu nzuri sana, ila toa mbegu zote kabla ya kusaga, hazifai kuliwa. Papai liache liliwe asubuhi.

Triple sec ukiiona ghali, tumia machungwa ya Muheza, hayo yanayoiva yakiwa bado ya kijani. Kwangua ganda la juu la matatu bila kufika kwenye nyeupe, kwani nyeupe ndiyo chungu. Fikicha na gramu 100 za sukari, acha saa tatu hadi sukari ilowe mafuta ya ganda, tia mililita 100 za maji ya moto, koroga, chuja. Tumia 15 kwa glasi, na tequila ipande hadi 60, maana triple sec ilikuwa inachangia kilevi na hii haina.

Kuhusu tequila: tafuta chupa iliyoandikwa 100% agave. Isiyoandikwa hivyo inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 49 ya sukari nyingine, na ukali wake hauna ladha ya kuusindikiza. Nyeupe inatosha, ya kukaa kwenye mapipa itamezwa na embe. Angalia stempu ya kielektroniki ya TRA kabla hujalipa. Huo agave ni ndugu wa mkonge wetu wa Tanga, lakini usidhani tutakamua tequila Korogwe, jina hilo kisheria ni la Meksiko peke yake. Konyagi nayo ukiitia haikatazwi, ina asilimia 35, ila kiite kinywaji cha embe na Konyagi, usiwadanganye watu.

Glasi moja ya kipimo hiki ina kilevi kuzidi kidogo bia ya nusu lita, na embe linakificha. Waambie wageni mapema, na wenye magari waite bajaji.

Jambo moja la mwisho ambalo hukuuliza. Baada ya kukamua hizo ndimu, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye vifundo kabla ya kutoka barazani au kwenda Coco Beach. Maji ya ndimu yakikaa juu ya ngozi na jua likaipiga, kesho au keshokutwa inatokea alama kama ya kuungua, nyekundu kisha nyeusi, na inakaa wiki kadhaa. Wasaidizi wa kukamua nao uwaambie.

Mama yako