Riwaya kuwa opera: shika mkasi kwanza

Mkuu, umeuliza kama, ili kupata opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, inatosha kufupisha riwaya ya Kiingereza ukamkabidhi mtunzi wa muziki aweke noti. Nami nilidhani hivyo. Nikisoma Leeds, Uingereza, nilijiunga na kikundi cha waimbaji wa ridhaa, nikapewa kazi ya kuandika maneno ya opera kutokana na Silas Marner ya George Eliot, riwaya ya 1861. Nikapeleka kurasa 54, najiona fundi. Mtunzi akakaa kwenye piano akaimba ukurasa mmoja, mimi nashika saa. Nilichokuwa nasoma kwa dakika moja kilikula karibu tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Tukaanza kufyeka. Soga za walevi wa baa ya Rainbow, tamu mno kitabuni, zikawa kwaya ya dakika mbili. Miaka 16 ya Silas kumlea Eppie, mtoto aliyemwokota, ikabaki muziki mtupu.

Paliponiuma ni hapa. Silas, mfumaji, kaibiwa dhahabu yake. Usiku wa kuamkia mwaka mpya anaona kitu cha manjano karibu na moto. Macho yake hayaoni vizuri, anadhani mali imerudi. Ananyoosha mkono, anashika nywele laini za mtoto. Nilimwandikia mistari 12 ya kustaajabu. Mtunzi akabakiza neno moja, “gold” (dhahabu), tena linakatikia njiani, klarineti, ala ya kupuliza, inamalizia. Nilinuna wiki nzima. Siku ya onyesho, klarineti ilipoingia, hakuna aliyekohoa ukumbini, na ilikuwa Januari, msimu wa baridi na mafua kule.

Halafu kuna vokali. Nililipandisha jina la Eppie noti ya juu kabisa. Mwimbaji wetu wa sauti ya tatu (tenor) akalalamika kwamba ile “i” ya mwisho inamkaba, akaomba neno lenye “a”. Hilo hulioni ukiandika mezani.

Ukibisha kukata, mkumbuke Bernard Herrmann, yule mtunzi wa muziki wa filamu za mwongozaji Hitchcock. Alimaliza opera yake ya Wuthering Heights, kutokana na riwaya ya Emily Brontë, mwaka 1951, na nusu ya pili ya riwaya alikuwa ameshaiacha, lakini bado ilichukua muda wa kama saa tatu na hakutaka ipunguzwe. Alifariki 1975 hajaiona jukwaani; Portland, Marekani, waliipandisha 1982.

Okestra, lile kundi kubwa la wapiga ala, isikutishe. Mtunzi Jonathan Dove alianza opera yake ya Mansfield Park, kutokana na riwaya ya Jane Austen, mwaka 2011 kwa waimbaji 10 na piano moja inayopigwa na watu wawili. Sisi tulikuwa na piano, klarineti na hita mbovu.