Nchi zisizo na mabalozi zinaanzaje kuzungumza? Maswali yenu na majibu

Makala iliyopita ilihusu Uturuki na Armenia, nchi mbili zinazopakana ambazo zimekaa zaidi ya miaka 30 bila kubadilishana mabalozi, huku mpaka wao wa nchi kavu ukifungwa tangu 1993. Niliandika kwamba sasa zinasogeleana kwa tahadhari. Maswali yamekuja mengi, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, na mengi yameirudisha habari hiyo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Nimefurahi, kwa sababu sisi tuna historia yetu katika jambo hili na hatuizungumzi vya kutosha.

Nchi mbili zikiwa hazina mabalozi, nani anampigia nani simu? Mazungumzo yanaanzia wapi hasa? (Mwalimu wa sekondari, Iringa)

Mara nyingi yanaanzia kwa mtu wa tatu, mwalimu wangu. Sheria yenyewe inaruhusu: Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kibalozi unasema nchi iliyoondoa ubalozi wake inaweza kuiomba nchi nyingine iangalie maslahi yake pale. Ndiyo maana tangu 1980 Uswisi inaishughulikia Marekani mjini Tehran. Mtu wa tatu huyo hupeleka barua, huleta majibu, na siku wakubwa wakiwa tayari kuonana, yeye ndiye anayetoa chumba.

Kwa Uturuki na Armenia mlango wa kwanza ulikuwa mpira. Septemba 2008 Rais Abdullah Gül wa Uturuki alikwenda Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kutazama mechi ya timu zao za taifa. Mwaka uliofuata mawaziri wa mambo ya nje wakatia saini makubaliano mawili mjini Zurich: kufungua uhusiano wa kibalozi na kufungua mpaka, vyote kwa mpigo. Dunia ikapiga makofi. Mabunge hayakuyaridhia, Azerbaijan, rafiki wa Uturuki na hasimu wa Armenia, ikanuna, na mwaka 2018 Armenia ikayafuta rasmi.

Safari ya pili walianza chini. Desemba 2021 kila upande uliteua mjumbe maalumu, Serdar Kılıç kwa Uturuki na Ruben Rubinyan kwa Armenia. Wakakutana Moscow Januari 2022, na mwezi uliofuata ndege za abiria zikaanza kuruka tena kati ya Istanbul na Yerevan. Februari 2023 tetemeko lilipoua maelfu ya watu kusini mwa Uturuki, malori ya msaada kutoka Armenia yalivuka daraja la Margara mpakani, mahali ambapo gari halikuwa limepita kwa miaka 30. Juni 2025 Waziri Mkuu Nikol Pashinyan alikwenda Istanbul kuonana na Rais Erdoğan.

Hizi ni hatua ndogo, najua. Lakini mwaka 2009 kulikuwa na saini kubwa na hakuna gari lililovuka. Mimi naamini zaidi njia ya pili.

Wafungue mpaka tu, watu wafanye biashara, mengine yatafuata yenyewe. Mbona wanasuasua? (Dereva wa lori, Tunduma)

Kaka, wewe unaujua mpaka kuliko mimi, basi hebu tazama unachobeba kwenye bahasha ukiwa kwenye foleni ya kuingia Nakonde. Una karatasi za forodha alizoandaa wakala wako. Una bima ya gari inayokubalika ng'ambo, na kama umebeba mazao una cheti cha afya ya mimea. Una pasipoti au hati ya dharura. Kila karatasi ina thamani kwa sababu ofisa wa upande wa pili anaujua mhuri ulioko juu yake, na ukitokea utata ana mtu wa kumpigia simu upande huu. Ile huduma ya pamoja mnayoipata Tunduma na Nakonde, ya kukaguliwa mara moja badala ya mbili, ilizinduliwa 2019 baada ya miaka ya vikao kati ya serikali ambazo hazijawahi hata kugombana sana.

Sasa angalia kilichotokea Ethiopia na Eritrea. Walipigana kuanzia 1998 hadi 2000, kisha wakanuniana kwa miaka karibu 18. Julai 2018 Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia akatua Asmara, akakumbatiana na Rais Isaias wa Eritrea, na ndani ya siku chache ndege zikaanza kuruka. Septemba 11, Mwaka Mpya wa Ethiopia, mpaka ukafunguliwa Zalambessa na Bure. Ndugu waliotengana miaka yote hiyo walilia barabarani. Bidhaa zikavuka pande zote, lakini hapakuwa na utaratibu wa forodha uliokubaliwa, wala wa viza, wala wa kubadilisha fedha. Kabla mwaka haujaisha upande wa Eritrea ulianza kufunga vivuko, na hadi Aprili 2019 vyote vilikuwa vimefungwa. Abiy alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huohuo.

Nikiwafikiria wale watu wa Zalambessa waliofungua maduka wakidhani mambo yamekwisha, ndipo ninapokuwa mvumilivu kwa wanaosuasua. Mpaka uliofunguliwa ovyo ukifungwa tena, mtu wa kawaida haamini mara ya pili.

Sisi na Malawi tuna mabalozi, tuna vikao vya ujirani mwema, lakini mwaka 2025 tulizuiliana mazao. Ubalozi una faida gani basi? (Mfanyabiashara wa mchele na ndizi, Kyela)

Hili ndilo swali nililolisubiri, na nitakaa nalo.

Malawi ilipata uhuru Julai 1964. Miezi miwili tu baadaye Dkt. Kamuzu Banda akagombana na mawaziri wake, na baadhi yao wakakimbilia kwetu. Kanyama Chiume aliishi Tanzania miaka mingi. Banda aliona tunafuga maadui zake. Sisi tuliona anawauza Waafrika wenzake, maana mwaka 1967 alifungua uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu kisha akapata mkopo wao wa kujengea mji mkuu wa Lilongwe. Mwaka huohuo wa 1967 Mwalimu Nyerere akatangaza hadharani kwamba mpaka wetu katika Ziwa Nyasa uko katikati ya maji. Banda akashikilia kwamba mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 umempa maji yote hadi ufukweni kwetu.

Kisha 1968 Banda akasimama na kusema mipaka ya asili ya Malawi inafika angalau maili 100 kaskazini ya mto Songwe. Chukua ramani uzipime, ni kilomita 160. Kyela yako imo, Tukuyu imo, Mbeya mjini nilipokaa kuandika haya imo. Kauli nzito kama hiyo ikitolewa leo, balozi angeitwa Dodoma siku hiyohiyo aeleze serikali yake ina maana gani. Wakati ule hapakuwa na njia ya kawaida ya kuulizana. Watu walijibizana kwenye mikutano ya hadhara na redioni, na jirani aliyevuka Songwe kwenda kuzika ndugu yake alivuka akiwa na hofu. Wanyakyusa na Wangonde ni watu wa ukoo mmoja waliogawanywa na mto huo. Hali ile iliwaumiza wao kwanza.

Kilichotuleta pamoja ni njia ya mizigo. Vita vya Msumbiji viliikatia Malawi reli za kwenda bandari za Beira na Nacala, mizigo yao ikawa inazunguka mpaka Durban kwa gharama ya kuumiza. Bandari ya Dar es Salaam ikawa haikwepeki, na sisi tulikuwa na reli ya TAZARA iliyohitaji mizigo. Katikati ya miaka ya 1980 uhusiano wa kibalozi ukafunguliwa. Hapa Mbeya ikajengwa bohari ya mizigo ya Malawi: shehena inashuka kwenye reli, inapandishwa kwenye malori, inateremka Uyole, Tukuyu, hadi mpakani Kasumulu. Wewe umepishana na malori hayo maisha yako yote.

Na ziwa je? Halikumalizwa. Liliwekwa kando. Malawi ilipotoa vibali vya kutafuta mafuta, ugomvi ukawaka tena mwaka 2012, na safari hii ukapelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa kusini mwa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Hawajaumaliza. Lakini wavuvi wa Matema wameendelea kutupa nyavu, na ugomvi huo haujafika vitani.

Turudi kwenye mchele wako. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao, ukiwemo mchele, ndizi na tangawizi. Aprili Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, akajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, na ya Afrika Kusini pia kwa kisa cha ndizi zetu. Ikapita siku chache, marufuku yetu ikaondolewa ili kupisha mazungumzo. Siku hizo chache zilikugharimu, silipuuzi hilo. Mkungu wa ndizi hausubiri kikao cha mawaziri. Lakini hesabu tofauti: mwaka 1968 tulinuniana karibu miaka 20, mwaka 2025 marufuku yetu ilidumu siku chache tu. Faida ya ubalozi ni hiyo. Ugomvi bado unakuja, ila unakuta watu ambao kazi yao ni kuupokea.

Kama ningekuwa mfanyabiashara wa Kyela, ningedai kitu kimoja kwa nguvu: taarifa ya zuio lolote itolewe mapema kuliko siku linapoanza, na shehena iliyokwisha kufika Kasumulu iruhusiwe kupita.

Tanzania yenyewe imewahi kuvunja uhusiano na nchi kubwa? (Mwanafunzi wa chuo, Mbeya)

Ndiyo. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ilishindwa kumzuia Ian Smith aliyejitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Hatua hiyo iliagizwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, lakini wanachama wachache tu walitekeleza. Tulipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Hata hivyo hatukutoka Jumuiya ya Madola, kwa hiyo palibaki chumba kimoja cha kuonana, na mwaka 1968 uhusiano ukarudishwa.

Uliuliza pia kama kupeana mikono ni kutambuana. Hapana. Kupeana mikono, kutambuana na kufungua ubalozi ni mambo matatu tofauti. Uturuki iliitambua Armenia kama dola tangu Desemba 1991, viongozi wao wamepeana mikono mara kadhaa, lakini ubalozi ni hatua nyingine inayohitaji pande zote mbili kukubaliana.

Kijana wangu, sisi tuliojenga TAZARA tunakumbuka Kaunda akilaumiwa kwa kuonana na makaburu. Kuzungumza na adui si kuwasaliti waliomwaga damu? (Mzee mstaafu wa reli, Iyunga)

Shikamoo, mzee wangu.

Reli mliyoijenga, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa jibu kwa hofu ya mlango wa kusini kufungwa. Smith aliifunga njia ya Zambia ya kusini Januari 1973, na Kaunda akakataa kuifungua tena hadi 1978. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kujipendekeza. Lakini Agosti 1975 alikubali kuonana na John Vorster, Waziri Mkuu wa makaburu wa Afrika Kusini, kwenye daraja la Victoria Falls. Behewa la treni lilisimamishwa katikati ya daraja, mpaka ukipita chini yake. Wajumbe wa wapigania uhuru wa Zimbabwe walikaa upande wa Zambia, watu wa Smith upande wa Rhodesia, mezani uso kwa uso, maporomoko yakinguruma pembeni. Mazungumzo yalivunjika haraka, na vita vikaendelea.

Je, ilikuwa usaliti? Kwa moyo wangu wote nasema hapana, na sababu yangu ni waliokuwemo ndani ya lile behewa. Waliohusika na damu hiyo walikuwa mezani. Ilani ya Lusaka ya 1969, iliyokubaliwa na nchi yetu, ilisema wazi kwamba tungependa kujadiliana kuliko kuua, na kwamba njia ya amani ikizibwa tutawaunga mkono wapiganaji. Kaunda alifanya hayo yote mawili kwa pamoja. Banda aliongea na Pretoria bila wao, akaondoka na mkopo.

Ndiyo kipimo changu hata kwa Armenia. Septemba 2023 zaidi ya Waarmenia 100,000 walikimbia Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa na Armenia na Azerbaijan, ndani ya siku chache. Wakubwa wakipeana mikono, nitauliza kwanza watu hao wamewekwa wapi katika makubaliano. Wasipotajwa, sitapiga makofi.

Binti yangu anafanya kazi za ndani Saudi Arabia. Nasikia walipatana na Iran. Anaathirika vipi? (Mama, Makambako)

Mama, nchi hizo zilivunja uhusiano Januari 2016, zikazungumza kimyakimya Baghdad na Oman, na Machi 2023 zikakubaliana Beijing kufungua tena balozi. Kupungua kwa mvutano ni heri kwa kila anayeishi ukanda ule, lakini hakubadilishi mkataba wa binti yako wala haki zake kazini. Kinachomlinda ni ubalozi wetu wenyewe ulioko Riyadh. Mwambie awe na namba yao kwenye simu, awatumie nakala ya pasipoti na ya mkataba kama bado hawajamwandikisha, na wewe ubaki na nakala hizo Makambako.